ALIDHANI NI UGANGA, KUMBE MUMEWE ANACHEMSHA NYUZI ZA BESI: KISA CHA MPIGA BESI WA KIRUMBA

Ijumaa moja saa nne usiku, mama lishe mmoja wa Kirumba, Mwanza, alirudi nyumbani kutoka kwenye kikao cha kikoba akakuta sufuria yake kubwa iko jikoni inachemka. Akafurahi. Si kila siku mwanaume anaingia jikoni. Akafunua mfuniko aone leo anapikiwa nini, na alichokiona kikamrudisha nyuma hatua mbili. Nyaya tano zimejikunja ndani ya maji meusi, zinapanda na kushuka kama vitoto vya kamongo.

Hakuna chumvi, hakuna kitunguu. Mumewe kakaa pembeni kwenye kigoda, anaangalia dakika kwenye simu.

"We baba, nani kakutuma?"

Maana ya swali hilo wote wawili waliijua. Kichwani mwa mama, jamaa kaenda kwa mganga na hiyo ndiyo dawa aliyoambiwa aipike usiku watu wakilala.

"Nyuzi za gitaa," jamaa akajibu bila hata kuinua kichwa.

"Nyuzi za gitaa ndiyo zinachemshwa?"

"Ndiyo. Zikichemka zinaita."

Basi bwana, hapo vita ikaanza. Na vita yenyewe haikuwa ya uganga tena, ilikuwa ya sufuria. Ile ndiyo sufuria ya maharage, anayoibeba kila alfajiri kwenda kuwapikia watu mwaloni. Watu wale chakula kilichopikwa palipochemshwa vyuma vya gitaa? Mama alimwaga yale maji nje, akasugua sufuria kwa mchanga na majivu mara tatu, na usiku ule hawakusemeshana.

Kabla hujamcheka jamaa, sikiliza alikotokea.

Ana miaka 27. Mchana ni mbeba mizigo pale mwaloni Kirumba, soko la samaki. Kwa asiyepajua, boti zinaingia na dagaa waliokaushwa kutoka visiwani, Ukerewe na kwingineko, magunia yanashushwa, yanapimwa, yanapandishwa kwenye malori, na mengine safari yake ni mpaka Kongo, Rwanda na Burundi. Kila gunia lazima lipite begani kwa mtu. Huyu ni mmoja wa hao watu. Ijumaa na Jumamosi usiku anabadilika kabisa: shati jeupe, viatu vimepigwa rangi, anapiga besi kwenye bendi ya kukodiwa. Harusi, sendofu, sherehe za ofisi. Akishika gitaa hutamjua kuwa ndiye yule aliyekupita asubuhi na gunia anapiga kelele "njia, njia!"

Gitaa si lake, ni la bosi mwenye bendi. Hilo si geni kwa muziki wa Tanzania. NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ya Dar ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, halafu 1983 ikahamia DDC. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi, mwanamuziki anakuja na vidole vyake na anaondoka na vidole vyake. Huyu bosi wa Mwanza naye yuko hivyohivyo, ila kaongeza kipengele chake: nyuzi ni kama soksi, kila mtu ajinunulie.

Sasa piga hesabu. Besi yenyewe ni ya nyuzi tano. Seti nzuri jamaa anaagiza kwa mshikaji wake Dar, inakuja kama kifurushi kwenye basi, mpaka imfikie mkononi ni 95,000. Malipo ya usiku mmoja ni 30,000. Yaani usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu anapigia nyuzi, wa nne ndiyo anaanza kupigia familia. Na seti ya mwisho aliinunua kwa hela ya kodi ya chumba, akamwambia mkewe bosi kachelewesha malipo. Huo uongo bado ulikuwa haujafumuka usiku ule wa sufuria. Kaa nao.

Tatizo lake lilikuwa moja: nyuzi zikifika kwake zinakufa haraka kuliko kwa watu wengine. Wiki mbili tu, kwisha habari. Mpiga besi mwenzake wa kanisani anakaa na seti moja miezi mitatu na bado inang'aa. Jamaa alishafikiria mpaka kuwa anauziwa feki.

Nyuzi kufa maana yake nini? Wengi wanadhani uzi unakufa ukikatika. Hapana. Uzi wa besi ni waya wa chuma katikati, halafu umezungushiwa waya mwingine mwembamba nje, kwa kawaida chuma kilichopakwa nikeli au chuma kisichoshika kutu. Pitisha kucha juu yake utasikia yale matuta, kri kri kri. Ukiukung'uta uzi mpya hautoi sauti moja. Unatoa ile nzito unayoijua, na juu yake msururu wa sauti nyembamba ndogondogo zinazong'aa. Hizo nyembamba ndizo zinakufanya wewe uliyekaa meza ya nyuma kabisa, unakula pilau, usikie kwamba besi imegusa noti gani. Uchafu ukijaa kwenye yale matuta, jasho, mafuta ya ngozi, vumbi, unauzibia uzi pumzi. Na zinazokufa kwanza ni zile nyembamba. Nzito inabaki peke yake. Besi inageuka kuwa mgurumo, kama lori lililopaki nje ya ukumbi na halijazima injini.

Ndiyo maana bosi alikuwa anazingua mitambo bure. Kila mechi alikuwa anamfuata fundi mitambo: "Ongeza besi, haisikiki!" Fundi anaongeza. Inakuwa mbaya zaidi, maana kinachoongezwa ni ule mgurumo tu, na kile ambacho kingefanya isikike hakipo tena kwenye uzi. Glasi zinatetemeka mezani, mama mzazi wa bibi harusi anaziba masikio, na bado besi haisikiki. Uzi mfu huwezi kuufufua kwa amplifaya.

Siku hiyo baada ya sherehe moja bosi akamwambia mbele ya wenzake, bila kuzunguka: kuna kijana wa Pasiansi, besi yake inaita kinoma, na ana gitaa lake mwenyewe. "Nikikupigia simu ukapokea, njoo. Nisipokupigia, ujue nimempigia yeye."

Hapo ndipo jamaa alipoanza kuhangaika.

Kwanza alienda Kitangiri kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga besi kwenye bendi za dansi miaka ya sabini na themanini. Shikamoo, marahaba, karibu. Mzee akasikiliza shida yote mpaka mwisho, halafu akacheka. Kwake yeye nyuzi kufa ni nyuzi kukomaa. Kasimulia kwamba baada ya vita ya Amin, pale bidhaa zilipoadimika nchini na hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, wao seti moja walikuwa wanaipiga mwaka na zaidi, na mwenzao wa gitaa la solo aliwahi kuchambua waya wa breki ya baiskeli akaufunga kama uzi. "Na watu walicheza mpaka asubuhi, mwanangu. Besi si ya kung'aa. Besi ni ya kukaa chini na kubeba wenzake."

Na mzee hajakosea, hilo tuwe wakweli. James Jamerson, yule aliyepiga besi kwenye nyimbo kibao za Motown kule Detroit, Marekani, alikuwa habadilishi nyuzi mpaka zikatike. Alitumia zile nyuzi bapa, zisizo na matuta, na akapiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, shahada. Alifariki 1983 na mpaka leo wapiga besi duniani wanajifunza vitu vyake. Upande wa pili kuna Mwingereza John Entwistle wa kundi la The Who, aliyekaa na kampuni ya Rotosound mwaka 1966 mpaka wakatoa nyuzi za matuta zenye mlio mkali kama kinanda. Kwa hiyo ubishi huu wa mzito na mkali una umri kuliko jamaa na bosi wake.

Lakini Jamerson hakuwa anapiga sebene la Kikongo kwenye ukumbi wenye kinanda mbili, dramu na MC asiyenyamaza. Kwenye sebene besi inaruka, inajibizana na solo, na noti ikizama hakuna anayejua kama iligongwa. Mzee alikubali hilo. Akasema yeye angepiga hivyohivyo na watu wangezoea. Jamaa akaaga, maana wa kuzoea ni bosi na bosi hataki.

Aliyempa mbinu ya sufuria ni mteja. Mfanyabiashara wa dagaa kutoka Bukavu, aliyewahi kupiga besi kanisani kwao ujanani. Walikuwa wanasubiri lori, stori ikaingia kwenye muziki, na yule ndugu akamwambia kwao nyuzi mpya ni za matajiri, za maskini zinachemshwa. "Unatia mu mayi ya moto, unaacha dakika kumi, unatosha, unapanguza. Zinarudia bupya." Na hakumdanganya. Hii mbinu inajulikana dunia nzima, wapiga besi wasio na hela wameitumia miaka na miaka. Maji yanayochemka yanalegeza mafuta na uchafu uliojificha kwenye matuta, vinatoka, uzi unapumua tena.

Na zile nyuzi zilipumua. Jumamosi ile, siku moja baada ya ugomvi wa sufuria, besi iliita mpaka mpiga dramu akageuka kumwangalia. Bosi akanyanyua dole gumba. Jamaa alirudi nyumbani saa tisa usiku amejaa furaha, akampa mkewe 30,000 yote bila kukata hata nauli, wakaanza kuongea.

Jumatano kwenye mazoezi, mlio ukaanza kupungua. Ijumaa umekufa.

Kumbe ndivyo ilivyo. Kuchemsha kunatoa uchafu, hakutoi uchovu. Chuma kilichovutwa na kugongwa kwenye vile vyuma vya shingoni kwa wiki kadhaa kina majeraha yake, na maji ya moto hayatibu majeraha. Tena maji yenyewe yana ubaya: yakibaki kidogo tu katikati ya waya wa ndani na wa nje, kutu inaanzia humo humo usikoweza kuiona. Yeye hakujua hayo. Akachemsha mara ya pili (safari hii kwenye kopo la rangi, uani kwa jirani). Akachemsha mara ya tatu.

Mara ya tatu ilikuwa asubuhi ya sendofu moja kubwa, ukumbi umepambwa, kamati imevaa sare. Bibi harusi mtarajiwa anaingia, bendi imepewa ishara, watu wamesimama na simu juu wanarekodi. Jamaa kashuka kwenye noti ya kwanza ya kupandisha, na ule uzi mwembamba kuliko wote ukakatika. Paa! Kwenye spika ilisikika kama mtu kaangusha trei. Bibi harusi akashtuka akasimama. MC akatania kwamba hata besi imeshindwa kuvumilia uzuri wa mtoto, ukumbi ukacheka, mambo yakaendelea. Jamaa akamaliza usiku mzima kwa nyuzi nne, anatafuta noti za juu kule kwenye uzi wa pili, jasho linamtoka.

Ulikatikia wapi? Pale pale kwenye funguo ya kukazia, kwenye kona. Uzi ukishakunjwa pale, ukanyooshwa kuingia sufuriani, ukakunjwa tena pale pale, ni sawa na waya unaouchezesha kwa vidole huku na huku. Utakatika tu, swali ni lini.

Bosi alikata 15,000. Alisema ni ya aibu.

Usiku huo ndipo kila kitu kilimwagika. Jamaa kaweka 15,000 mezani, mkewe akauliza nyingine iko wapi, na badala ya kutunga kitu akasema yote: uzi uliokatika, kopo la rangi kwa jirani, kijana wa Pasiansi, na hela ya kodi iliyoenda Dar kununua nyuzi. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kwenye chumba kimoja kimya kinakuwa kikubwa, hakina pa kwenda. Halafu hakuongea habari ya kodi. Akauliza kitu ambacho jamaa hakukitegemea.

"Yale maji ya siku ile, unajua yalikuwa yananuka nini?"

"Kutu."

"Dagaa."

Anayepika kila siku anajua maji ya sufuria. Alipoyamwaga aliona juu yake kuna utando wa mafuta, kama wa mchuzi, na harufu ilikuwa ya mwaloni mtupu. Akanyamaza kwa sababu alikuwa na hasira, lakini lilimkaa kichwani: chuma cha gitaa kinatoaje mafuta ya samaki?

Jamaa akanusa vidole vyake. Hakusikia kitu. Mtu anayeshinda mwaloni haisikii tena ile harufu, pua imeshaizoea. Lakini ratiba yake ilikuwa hivi: anatoka kubeba magunia saa kumi na moja, ananawa maji ya haraka bombani bila sabuni, anaenda mazoezi. Unga wa dagaa uko kwenye mistari ya viganja, chini ya kucha, kwenye nywele za mkono. Ule unga una mafuta na una chumvi ya jasho lake la siku nzima. Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi. Kule pwani na Zanzibar wapiga gitaa wanaweza kuilaumu hewa ya bahari. Huyu chumvi alikuwa anaibeba mwenyewe, anaipaka kwenye nyuzi kila jioni kwa vidole kumi, na akimaliza anafunga gitaa kwenye begi bila kulifuta. Nyuzi zinalala na dagaa usiku kucha.

Yule mwenzake wa kanisani mwenye seti ya miezi mitatu? Ni fundi cherehani. Mikono mikavu, safi, inashinda kwenye vitambaa. Hakuna feki wala bahati.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika polepole, na wala hayakuwa makubwa. Kabla ya kugusa gitaa, mikono inaoshwa kwa sabuni na limao, kucha zinasuguliwa kwa mswaki wa zamani, halafu inakauka kabisa, maana mkono wenye maji nao ni adui. Kwenye begi la gitaa kunakaa kipande cha fulana ya pamba iliyochakaa. Kila akimaliza kupiga, hata kama ni saa tisa usiku na gari la vyombo linampigia honi, anaubana kila uzi katikati ya kile kitambaa kwa vidole viwili, juu na chini, anavuta kutoka mkiani mpaka kwenye funguo. Wengi wanafuta juu tu. Uchafu mwingi uko upande wa chini, kule unakogusa shingo ya gitaa. Na ile shingo yenyewe anaifuta pia, la sivyo uzi msafi unalalia kwenye uchafu ule ule. Wiki ya kwanza kitambaa kilikuwa kinatoka cheusi kama cha fundi pikipiki. Wiki ya tatu kikawa kinatoka kijivu.

Hela ya seti mpya haikuwepo, na mama alishasema kodi haiguswi tena. Uzi uliokatika ulipata mrithi kwa yule fundi cherehani, aliyekuwa na uzi mwembamba wa seti yake ya zamani kwenye droo ya vifungo. Zile nne zilizobaki hakuzichemsha tena. Akazikunja kwenye kopo la plastiki la mfuniko wa kukaza, akamimina spiriti mpaka zikazama, akafunika, akaziacha tangu asubuhi mpaka kesho yake. Spiriti inayeyusha mafuta kuliko maji na inakauka yenyewe ikitoka, kwa hiyo haiachi unyevu wa kuzaa kutu ndani. Akazitoa zikiwa zimeacha matope chini ya kopo. Muhimu kwa anayetaka kujaribu: kopo lilikaa nje, mbali kabisa na jiko la mkaa, na lilifichwa watoto wasilifikie. Spiriti inawaka kwa cheche tu na ni sumu, usije ukaiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa halafu mtu akafika na kiu yake. Na nyuzi anazitoa moja moja na kuzirudisha kwa uangalifu ile kona yake isikunjwe upya kila mara. Tena hafanyi hivyo kila wiki. Kitambaa kinafanya kazi kubwa, spiriti inaitwa mara moja moja.

Kuna watu watasema si anunue zile nyuzi zenye ngozi ya plastiki nyembamba, kama Elixir, ambazo jasho haliingii kirahisi. Kweli zipo na zinadumu. Bei yake kawaulize wenye gitaa lao wenyewe.

Ziliita? Ziliita. Si kama mpya, mpya ni mpya, na yule wa cherehani alikuwa na mlio wake tofauti kidogo na wenzake. Lakini noti zilirudi kusikika, na safari hii Jumatano ilipita, Ijumaa ikapita, wiki ya pili ikapita, ya tano ikapita. Kijana wa Pasiansi aliitwa mara moja tu, siku jamaa alipokuwa na homa.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha kisa, na ndipo watu wa Kirumba wanaomjua wamegawanyika.

Baada ya harusi moja bosi alimvuta pembeni. Alikuwa na furaha, kalipwa vizuri na bwana harusi. Akamwambia, "Nimesikia kazi. Umenunua seti mpya, eh? Hiyo ndiyo heshima ya kazi." Na kwa mara ya kwanza tangu bendi ianze, akatoa 50,000 akamshikisha. Mchango wa nyuzi.

Jamaa alikuwa na sekunde kama mbili. Angeweza kusema bosi, hizi ni zile zile ulizonikatia hela, nimeziosha. Mdomoni kikatoka "Asante bosi, wabeja sana." Akaweka mfukoni.

Wapo wanaosema huo ni wizi, hela ya nyuzi mpya ilhali hakuna nyuzi mpya. Wapo wanaosema mle ndani kulikuwa na 15,000 yake ya ile sendofu, na iliyobaki ni ya limao, sabuni na kuinama saa tisa usiku anafuta gitaa ambalo si lake. Mpiga dramu, ambaye anajua ukweli wote, kasema yeye hayumo.

Nyumbani jamaa aliziweka mezani zote, 30,000 ya usiku na 50,000 ya bosi, akasimulia jinsi alivyoulizwa na alivyojibu, maana alishaapa hakuna uongo mwingine ndani ya kile chumba. Mama akazihesabu mara mbili. Akazitenga mafungu mawili. Akaweka kidole juu ya lile fungu la 50,000.

"Hizi kakupa za nyuzi?"

"Za nyuzi."

"Na wewe umeniletea za nini?"

Jamaa akaangalia pale ukutani inaponing'inia ile sufuria kubwa, ambayo tangu siku ile mama hajaipikia mteja maharage hata mara moja. Wateja anawapikia kwa sufuria ya kuazima, analipia buku kila siku.

"Za sufuria," akasema.